Mwaka Nilioonja kwa Niaba ya Bi Sela

Mwezi uliopita daktari wangu wa figo, kijana mpole ambaye ningeweza kumzaa, alinisogezea karatasi mezani akaniambia niibandike kwenye friji. Ilikuwa orodha ya vyakula vya kuepuka. Ndizi, viazi, machungwa, nyanya. Na chini yake, kwa kuwa alikwisha kuniuliza natoka wapi, alikuwa ameongeza kwa kalamu nazi, muhogo na majimbi. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikatoa leso, na yule kijana akadhani nimechanganyikiwa kwa habari mbaya. Sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba orodha ile naijua kuliko yeye, kwamba niliwahi kuibandika mwenyewe kwenye friji ya mtu mwingine, kule Adelphi, zaidi ya miaka ishirini na mitano iliyopita, na kwamba mwenye friji ile aliigeuza ikatazama mlango ili asiione. Siku mbili baadaye simu ikalia. Alikuwa Ana, binti wa mwenye friji. Sauti yake sasa ni ya mzee, sauti ya mama yake kabisa. Alisema anahama Maryland kwenda kwa wajukuu zake Utah, anafunga nyumba, na kuna kitu cha kwangu. Nikamwambia aje Jumamosi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina miezi minane tu Marekani, naishi Silver Spring chumba kimoja na Nyambura wa Nyeri, ambaye ndiye aliyenipatia kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Ilinibidi kufika Adelphi kila siku saa mbili asubuhi, kwenye nyumba za ghorofa za matofali mekundu karibu na University Boulevard. Mgonjwa wangu alikuwa mjane wa Kitonga, Sela kwa jina, umri miaka sabini na sita, mnene, mwenye nywele nyeupe alizozifunga kichuguu. Mimi ni mtu wa Unguja, siwezi kumwita mwanamke mwenye umri wa bibi yangu kwa jina tupu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nikamwita Bi Sela. Alipenda. Aliniuliza hiyo Bi ni nini, nikamwambia ni heshima, akasema basi iendelee. Tuliongea Kiingereza, yeye na chake, mimi na changu, na aliyekuwa hajui neno alilionyesha kwa mkono.

Jikoni mwake mlikuwa na meza ya plastiki ya kijani, dirisha linalotazama magari yaliyoegeshwa, na maboksi ya viatu kumi na moja. Hayakuwa na viatu. Yalikuwa na kadi. Kila kadi ilikuwa na neno moja la chakula, kwa Kitonga, na chini yake neno hilohilo kwa Kisamoa, kwa Kihawaii, kwa Kimaori, kwa lugha ya kila kisiwa alichokipata. Kisha jina la mtu aliyempa. Kisha, chini kabisa, mstari wa mwisho: nani ameonja, na ladha yake. Msidhani alikuwa profesa. Alikuwa amepika katika jiko la shule miaka mingi. Alisema ilianza wiki ya kwanza ya ndoa, maana aliolewa na Msamoa, na waligombana kuhusu majina ya vyakula mpaka wakagundua kwamba nusu ya ugomvi ni neno moja. Jimbi kwao ni talo, kwa Wasamoa talo, kwa Wamaori taro, kwa Wahawaii kalo. Samaki kwao ni ika, na kwa Wamaori ika, lakini kwa Wasamoa na Wahawaii ni i'a, ile k wameimeza. "Sisi Watonga tunakula samaki na miba yake," alikuwa akisema. "Mume wangu alikuwa ametoa mwiba." Kisha alicheka kwa tumbo lote, na marehemu mumewe kwenye picha ukutani akawa kama anavumilia.

Sheria yake ilikuwa moja tu: kadi haiingii boksini mpaka chakula chenyewe kipikwe na kionjwe jikoni mwake. "Neno ambalo hujalipika ni uvumi," aliniambia. Nikamuuliza kwa nini, si neno ni neno tu? Akanipa mfano wa moa. Moa kwao ni kuku, na kwa Wasamoa ni kuku, na kwa Wahawaii ni kuku. Lakini waliosafiri wakafika Nyuzilandi walikuta ndege mrefu kuliko mtu, wakampa jina lilelile la kuku wa nyumbani. Ukisikiliza kwa sikio tu, alisema, utadhani wote walikula kitu kimoja. Majina husafiri na watu, lakini yakifika huwekwa juu ya chochote kilichopo. Kwa hiyo lazima uulize mdomo. Nilimwona mwehu kidogo, na nilimpenda hivyohivyo.

Shida ni kwamba mdomo wake ulikuwa umefungwa. Figo zilikuwa zimechoka, na daktari alikuwa amekataza karibu kila kitu kilichokuwa ndani ya maboksi yale: majimbi, viazi vikuu, shelisheli, nazi, ndizi. Kazi yangu, kama ilivyoandikwa kwenye fomu ya wakala, ilikuwa kumwogesha, kumpa dawa na kuhakikisha hali vilivyokatazwa. Nilipofika, kadi zipatazo thelathini zilikuwa zimefungwa mpira pembeni ya kibaniko cha mkate. Hizo alikuwa amepewa maneno lakini hakuruhusiwa kuonja. Aliziita wanaosubiri. Kila asubuhi alizihesabu kwa kidole, na Ana, aliyekuwa akifanya kazi ofisini Washington na kurudi jioni miguu imevimba, alimwambia, "Mama, ziandike tu, nani atajua?" Bi Sela alisimamisha kidole. Alimtazama kama mtu aliyeambiwa aswali bila udhu, ingawa yeye alikuwa Mkristo.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana bila hilo mwaka ule usingekuwa mwaka. Jumamosi moja walikuja wageni, mke wa mchungaji wa Kisamoa na kijana wa kike kutoka Hawaii aliyekuwa mwanafunzi. Walileta majimbi, samaki na makopo ya tui zito la nazi. Walipika wao, wakaimba, jiko likanukia kama Unguja magharibi ya Ramadhani. Nilitoka nikasimama ukumbini kidogo nikafuta macho. Chakula kikaiva. Ana hakuwapo. Mimi ndiye niliyepakua, kwa kuwa mdogo ndiye hupakua. Nikampa mke wa mchungaji, nikampa binti wa Hawaii, nikamwekea Bi Sela bakuli lake la wali mweupe na kuku asiye na chumvi. Akalitazama. Akaniangalia mimi, mbele ya wageni wake, katika nyumba yake, akauliza taratibu, "Na yangu?"

Nimefikiri sana juu ya maneno yale mawili. Ningesema hapana. Nililipwa kusema hapana. Lakini mimi nimelelewa mahali ambapo mzee hanyimwi sahani mbele ya wageni. Afadhali wewe ulale njaa, afadhali chungu kiishe, kuliko kumtia mtu mzima aibu mbele ya watu waliokula kwake. Mkono wangu ulitangulia akili. Nilifungua kabati la juu, nikashusha sahani, nikaijaza majimbi, nikamwagia tui. Alikula kwa utulivu, akisema neno kwa kila tonge, na yule binti akiitikia kwa neno la kwao, na mke wa mchungaji akiitikia kwa la kwao, talo, kalo, ika, i'a, na nazi kwa wote niu, na wote watatu wakicheka kama watoto wa tumbo moja waliopoteana sokoni. Sijawahi kuona karamu nzuri kama ile. Asubuhi ya Jumapili Ana alimkuta mama yake hawezi kusimama, miguu haina nguvu na moyo unaruka. Gari la wagonjwa likamchukua.

Niliporudi kwetu kutoka hospitali Nyambura alinisubiri na chai ya maziwa. Nilimweleza yote. Akashika kichwa. "Wee Zuhura! Ulimpea nduma na coconut, mgonjwa wa kidney? Si hata mimi wa Nyeri najua!" Nikamwambia aliomba mbele ya wageni. Akapuliza chai yake. "Sawa, hata mimi singeweza," akasema mwisho. "Lakini sasa usijiumbue. Nyamaza. Ukisema, wata-cancel kazi na karatasi zako zitakuwa shida." Na kweli, kulikuwa na njia ya kunyamaza, kwa sababu Bi Sela alikuwa amekwisha kunifungulia. Alipozinduka vizuri alimwambia Ana kwamba alijipakulia mwenyewe nilipokuwa chooni. Aliyasema hayo mbele yangu, akinitazama usoni, bila kupepesa.

Niliuacha uwongo ule siku tatu. Nilimkanda miguu, nikamsuka, na kila Ana alipoingia wodini nilijishughulisha na shuka. Siku ya nne Ana alinifuata kwenye mashine ya kahawa mwisho wa ukumbi. Alikuwa amepata fomu za nyumba ya wazee kule Oxon Hill. Alisema ni pazuri, mto unaonekana dirishani, wauguzi wapo mchana na usiku, chakula kinapimwa. Hakuna jiko. Maboksi hayana nafasi. Nikaona mzee yule amekaa dirishani anatazama mto, na zile kadi thelathini zimefungwa mpira wao mahali pasipojulikana. Nikasema, "Dada Ana, ni mimi niliyempakulia." Nilingoja anifukuze. Akabonyeza kitufe cha mashine, akangoja kikombe kijae. "Najua," akasema. "Mama hajaweza kufikia kabati la juu tangu miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nangoja useme." Kisha akalia, na mimi nikalia, na mtu aliyetaka kahawa akarudi alikotoka. Masharti yake yalikuwa mafupi. Mama atarudi Adelphi, na mimi nitarudi naye. Fomu atazihifadhi kwenye mkoba wake. Ikitokea tena mara moja tu, atazisaini.

Kwa hiyo, kuanzia siku ile, nilijua kilichokuwa mkononi mwangu: ama Bi Sela abaki na jiko lake, ama aende Oxon Hill, na kati ya hayo mawili nilikuwa nimesimama mimi na mwiko. Wiki ya kwanza alininunia. Nilimpa wali, akala, akasema "asante" kama anayetema. Wiki ya pili nilikwenda dukani University Boulevard, nikanunua majimbi, nikayamenya mbele yake, nikayapika kwa tui. Akaacha gazeti. Niliweka chungu mezani, nikaketi, nikachukua kijiko kimoja. Kimoja tu. Kisha nikafungua ule mpira, nikatoa kadi ya kwanza ya wanaosubiri, nikamsogezea pamoja na kalamu. "Wewe huli," nikamwambia. "Mimi ndiye nitakayekula. Wewe andika." Nilidhani atanitupia kalamu. Akasema, "Haya. Ladha yake?" Nikasema nzuri. "Nzuri si ladha," akasema. "Nzuri ni adabu. Onja tena."

Ndivyo nilivyokuwa mdomo wa Bi Sela. Kila siku mbili tatu tulipika kadi moja, na kila mgeni aliyekuja akatuongezea nyingine. Nilijifunza kutafuna polepole na kusema ukweli. Jimbi linanata mwanzo, kisha linakuwa unga nyuma ya meno. Shelisheli la makopo lina harufu ya maji ya kunde. Kiazi kikuu, wanachokiita 'ufi, na Wasamoa ufi, na Wahawaii uhi, kinateleza kidogo kama kimelala na bamia. Nilipokuwa nikieleza alifumba macho, na koo lake likapanda na kushuka. Alikuwa akimeza mate yake pamoja na maneno yangu. Mara ya kwanza nilipoliona lile koo nilishindwa kumaliza kijiko. Akafumbua jicho moja, akaniambia nisilete huruma mezani, inaharibu ladha.

Ramadhani ilipoingia nilijua kazi itasimama. Nilimwambia siwezi kuonja mchana. Akauliza jua linazama saa ngapi. Ilikuwa majira ya baridi, nikamwambia saa kumi na moja kasoro. Basi, akasema, tutangoja. Na mwezi mzima tulingoja. Saa kumi tulikuwa tumeketi kwenye ile meza ya kijani, chungu kimefunikwa, tende tatu kwenye kisosi, yeye na kalamu yake mkononi, hata maji hayanywi. Nilimwambia wewe kunywa, Bi Sela, huna lazima. Akasema mpishi hawezi kunywa wakati mdomo umefungwa. Nilipofuturu nilimweleza kwamba vitu hivi vyote vilivyo boksini, majimbi, shelisheli, muhogo, ndizi mbichi, vyote kwa tui, ndiyo futari ya kwetu. Akaacha kuandika. Akaniambia kwamba watu wa asili moja na wao, wale walioelekea upande wa pili, walivuka bahari wakafika Madagaska, na nazi kule bado wanaiita voanio, ile niu yao ndani yake, na kiazi kikuu wanakiita ovy. Nikamwambia Madagaska kwetu wazee huita Bukini, ni hapo tu, ng'ambo ya Komoro. Bi Sela akapiga meza kwa kiganja. "Kwa hiyo ndugu zangu ni majirani zako!" Akainuka kwa shida, akanikumbatia, sahani ikaanguka. Tangu siku hiyo hakuniita tena mhudumu kwa watu. Aliniita jirani.

Jumapili nyingine Nyambura alinisindikiza, akakaa nasi, akakuta tunabishana kuhusu neno la kula, ambalo kwao ni kai na kwa Wasamoa na Wahawaii ni 'ai. "Aki, hata sisi tuko hivyo," akasema. "Zuhura anasema kula, nyanya yangu, cucu, anasema kuria. Na nyama ni nyama tu, everywhere." Bi Sela alifurahi mno, akataka kumfanyia kadi, kisha akakumbuka sheria yake, akamwuliza: umeleta hiyo nyama? Wiki iliyofuata Nyambura alileta.

Mwaka ulipoisha, wanaosubiri walikuwa wamebaki mmoja. Kape. Ni jimbi kubwa mno, mzizi wake unaweza kufikia urefu wa mtu, na usipojua kulipika linawasha koo. Wahawaii wanaliita 'ape. Tulilitafuta maduka yote ya Adelphi na Silver Spring, ya Waafrika, ya Wakaribi, ya Wachina. Halikuwapo. Mimi nikapata nafasi ya chuo cha uuguzi Virginia, nikaolewa, maisha yakanivuta. Siku ya kuagana nilimwambia Bi Sela kape likipatikana aniite, nitakuja hata nikiwa na mimba. Ana hakuzisaini zile fomu kamwe. Bi Sela aliishi miaka minne mingine, akafariki kitandani mwake, hatua kumi kutoka kwenye jiko lake. Sijafanya kitu maishani mwangu ninachojivunia kuliko hicho, nami ni mtu wa kujivuna.

Jumamosi Ana akaja. Amepungua, anatembea kwa mkongojo, lakini alipanda ngazi zangu hapa Silver Spring na bakuli la karatasi ya fedha kifuani na hakutaka kusaidiwa. Binti yangu Nuru, ana miaka ishirini na mbili, alimpokea. Nuru anasikia Kiswahili chote na hujibu Kiingereza, na nimekwisha kuchoka kugombana naye. Tuliketi. Ana alifunua bakuli. Wajukuu walikuwa wamemletea kutoka Utah, limegandishwa: kape, amelipika kwa tui kama mama yake alivyoelekeza. Mvuke ulipanda. Nuru akaleta sahani mbili, akampakulia mgeni, akajipakulia na yeye. Nami nikasikia mtu akiuliza, "Na yangu?" Nilikuwa mimi.

"No, Mama," Nuru akasema. Hakupaza sauti. Aliivuta sahani niliyokwisha kuinyooshea mkono, mbele ya mgeni, ndani ya nyumba yangu, akaiweka mbali. "Karatasi iko kwenye friji. You know you can't." Nilitaka kumwambia kwetu mtoto hamfanyii hivi mama yake. Kisha nikamtazama Ana, na Ana alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikajua nimezaa mtoto mwenye nguvu kuliko mimi.

Ana akafungua mkoba akatoa kadi moja, imekuwa ya rangi ya chai kwa umri. Kape. 'Ape. Chini kabisa, kwenye mstari wa aliyeonja, Bi Sela alikuwa amekwisha kuandika kwa penseli, kwa ule mwandiko wa siku zake za mwisho: Zuhura. Mahali pa ladha palikuwa patupu. Alikuwa ameniwekea nafasi. Nililia, sitaficha. Nuru alinishika bega, akauliza hii ni nini, nikamweleza kwa maneno machache, maana chakula kilikuwa kinapoa. Nikachukua penseli. Nikalifuta jina langu taratibu, kadi isichanike, nikaandika Nuru.

"Haya," nikamwambia. "Onja."

Akatia mdomoni, akatafuna. "It's good."

"Nzuri si ladha," nikasema. "Nzuri ni adabu. Onja tena."

Alinitazama. Akachukua kijiko cha pili, akatafuna polepole, kichwa ameinamisha upande. "Ni kavu," akasema. "Kavu kuliko majimbi. Inakaa kwa ulimi, halafu... halafu inakuwa tamu, huku nyuma."

Nikafumba macho.

"Endelea," nikamwambia. "Tamu vipi?"